Behringer UMC404HD: saundi kadi ya njia nne kwa wanaorekodi ngoma nyumbani

Ukiuliza watu wa studio ununue saundi kadi gani (boksi linaloingiza sauti ya maiki kwenye kompyuta) ya kurekodia nyumbani, wengi watakupa jibu moja: chukua ya njia mbili, Focusrite Scarlett 2i2 au inayofanana nayo, tafuta na maiki moja nzuri, basi. Kwa kijana wa Bongo Fleva ambaye biti yake imeshapikwa ndani ya kompyuta na kilichobaki ni kuingiza sauti, ushauri huo ni sahihi kabisa, na mimi mwenyewe huwapa vijana wa mtaani kwetu. Lakini mimi narekodi ngoma. Kikundi chetu hapa Dunda, Bagamoyo, kina vumi (ngoma kubwa ya sauti nzito), machapuo mawili (ngoma ndogo), msondo (ngoma ndefu), marimba, kayamba na waimbaji, na nyimbo zetu nyingine zina zeze na ilimba, ala ya vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba. Muziki wa namna hii haupiti kwenye njia mbili bila kukatwa vipande. Ndiyo maana nilichukua Behringer UMC404HD, yenye njia nne, na baada ya kuitumia kwa muda wa kutosha nina la kusema juu yake, zuri na linalobana.

Nianze na sababu ya kuhesabu njia kabla ya kuangalia kitu kingine chochote.

Wapigaji wetu hawafuati kliki ya kompyuta. Wanafuatana wao kwa wao. Mwimbishaji akivuta sauti, mpiga msondo anamwangalia mdomoni. Msondo ukikata, machapuo yanajua ni wakati wa kugeuza. Wachezaji wakichanganya miguu, mwendo unapanda kidogo, na kila mtu anapanda nao. Ukimweka mpigaji mmoja chumbani peke yake na hedifoni, umwambie apige sehemu yake dakika tano akifuata kidude kinacholia tik-tik, atapiga bila kukosea. Utasikia mikono yake. Ngoma hutaisikia.

Sababu ya pili wenzetu wa mijini hawaijui, kwa sababu ngoma zao ziko ndani ya programu. Ngozi haikai kwenye sauti moja. Kabla ya kuanza tunawasha makuti makavu uani, ngoma zinaelekezwa motoni mpaka ngozi ikaze na sauti ipande. Hewa ya pwani ina unyevu, hasa usiku, na ngozi huanza kulegea polepole tangu inapotolewa motoni. Sasa ukirekodi vumi leo jioni, machapuo baada ya kula na msondo kesho, kila ngoma itakuwa imekazwa kwa moto wake. Ule uhusiano wa sauti kati ya ngoma na ngoma, ambao fundi aliupata kwa sikio lake pale kwenye makuti, utakuwa umevunjika, na sijaona programu ya kuurudisha. Ngoma zilizokazwa pamoja zirekodiwe pamoja.

Kwa nini basi nisiende moja kwa moja kwenye njia nane? Nililifikiria sana hilo. Ziko Behringer UMC1820, Focusrite Scarlett 18i20 na Tascam US-16x08, na zote zina priampu nane, yaani vikuza sauti vya maiki. Hapa niseme jambo linalowapotosha wanunuzi wengi: ile 18 kwenye jina haina maana kwamba utachomeka maiki 18. Matundu ya maiki ni nane. Kumi zinazobaki ni njia za kidijitali, ambazo hupati faida yake mpaka ununue kifaa kingine cha kuchomeka hapo. Tascam nayo, kati ya njia zake 16, nane ni za maiki na nane ni za laini, yaani za kinanda, mikisa na vitu vya aina hiyo. Kabla hujatoa pesa, uliza swali moja tu: maiki ngapi zinaingia kwa wakati mmoja?

Njia nane zinataka maiki nane, stendi nane na kebo nane ndefu, na kebo mbovu moja inatosha kuharibu kazi ya usiku mzima. Gharama hiyo watu huisahau. Lakini kilichoniamulia ni chumba. Tunarekodia sebuleni, chumba cha kawaida cha nyumba yetu. Mle ndani kila maiki inasikia kila ngoma. Sauti inasafiri mita moja kwa takriban milisekunde 3, kwa hiyo pigo lile lile la vumi linafika kwenye maiki tofauti kwa nyakati tofauti, na ukizichanganya zinakulana: zito linapotea, sauti inakuwa nyembamba kama chai iliyoongezwa maji. Kanuni ya mafundi ni kwamba umbali kati ya maiki na maiki uwe angalau mara tatu ya umbali kati ya maiki na chombo chake. Maiki ikiwa sentimita 20 kutoka kwenye ngozi, jirani yake asikaribie zaidi ya sentimita 60. Kwa maiki nne sebule inatosha. Kwa nane, sisi wenyewe tungekaa nje.

Na nne si haba. Mwaka 1979 kampuni ya TEAC ilitoa Portastudio 144, mashine ya kaseti yenye treki nne, na kuanzia hapo watu walianza kutengeneza albamu nzima vyumbani mwao. Sisi tuna nne za kuanzia, halafu kompyuta inatuongezea nyingine juu yake kadiri tunavyotaka.

Sasa mashine yenyewe. Ni boksi la chuma, zito kiasi cha kutovutwa na kebo likaanguka mezani. Mbele kuna matundu manne yanayopokea ama XLR ya maiki ama jeki nene ya gitaa, tundu lile lile. Kila njia ina kitufe chake cha geini (cha kupandisha sauti ya maiki), swichi ya kuchagua laini au chombo, kitufe cha PAD cha kupunguza sauti kali, na taa ndogo mbili, moja ya kuonyesha sauti inaingia na nyingine ya kuonya kwamba imezidi. Priampu zimebuniwa na Midas, jina la Uingereza linaloheshimika kwenye mikisa za majukwaani, ambalo tangu 2009 liko mikononi mwa wenye Behringer. Kifaa kinafika biti 24 na kilohezi 192, vipimo vya usahihi wa kunasa sauti, lakini mimi narekodi kwa 24 na 48, na sijawahi kuona ngoma inayohitaji zaidi ya hapo.

Biti 24 ndizo zinazoniokoa kwenye vumi. Pigo la vumi linapanda ghafla kuliko sauti yoyote ya mtu, na mpigaji akipashwa na kelele za waimbaji hupiga kwa nguvu mara mbili ya alivyopiga wakati wa kujaribu. Kwa hiyo nawaomba wapige kwa nguvu zao zote, naweka geini mpaka kilele kikae karibu na desibeli 12 chini ya sifuri (mwisho ambao sauti haipaswi kuvuka), na ninaacha hivyo hivyo hata kama mstari kwenye kioo unaonekana mdogo. Ukiwa na biti 24 kuna nafasi ya kutosha chini. Ukinyanyua baadaye huleti mchakacho. Ikizidi juu, imeungua, haiponi. PAD kwenye vumi naibonyeza karibu kila mara.

Mpangilio ambao umetulia kwangu ni huu. Njia ya 1 na ya 2 ni maiki mbili ndogo za kondensa (aina inayonasa hata sauti ndogo, na inayohitaji umeme), Behringer C-2, ambazo huuzwa kwa jozi zikiwa zimelinganishwa, nimezining'iniza juu ya kikundi kizima. Hizo ndizo picha ya muziki: ukisikiliza hizo mbili peke yake unapaswa kuona nani amekaa kushoto na nani kulia. Njia ya 3 ni Shure SM57 kwenye vumi, kama upana wa kiganja kutoka ukingo wa ngozi, imeinamishwa kidogo. Vumi linatoa pumzi yake kwa chini, kwa hiyo tunaliinua kwa vipande viwili vya mbao lisikae sakafuni moja kwa moja. Tofauti utaisikia tumboni. Njia ya 4 ni ya mwimbishaji, SM57 nyingine, na mgongo wa maiki unaelekezwa kwenye ngoma, kwa sababu upande huo ndio usiosikia. Machapuo, msondo na kayamba vinaingia kwa maiki za juu, na kama kimoja kinazidi, namsogeza mtu, sigusi kompyuta. Mpiga kayamba wetu anakaa karibu na mlango. Alikasirika mwanzoni, sasa ndipo mahali pake.

Kuhusu hizo SM57, tahadhari. Maiki hii imekuwepo tangu 1965 na kwa sababu inapendwa dunia nzima, bandia zimejaa. Boksi linafanana, maandishi yanafanana. Halisi ina uzito wa gramu 284. Dada yake SM58 ina 298. Nilipokwenda kununua Kariakoo niliomba mizani kwenye duka la jirani, na muuzaji hakuona vibaya. Yeye huyo huyo ndiye aliyeniambia kuhusu saundi kadi, "Kaka, chukua ya njia mbili, ndiyo inayotoka sana." Nikamjibu, "Kaka yangu, nina watu saba wanaopiga kwa pamoja." Akaenda nyuma kuniletea 404.

Inapobana ni hapa. Umeme wa volti 48 unaohitajiwa na maiki za kondensa una swichi moja tu, iko nyuma, na inawasha njia zote nne kwa pamoja. SM57 haidhuriki nao ikiwa kebo ni nzima, kwa hiyo mpangilio wangu unakwenda. Lakini kama una maiki ya zamani ya utepe, au unachanganya na vifaa vyenye waya wa kuungaunga, usicheze na swichi hiyo. Zima spika kwanza, washa, subiri kidogo, ndipo ufungue sauti.

La pili: tundu la hedifoni ni moja. Ukirekodi watu watatu wa kiitikio juu ya ngoma, unahitaji kigawanyio. Mimi natumia HA400, kiboksi kidogo chenye matokeo manne, kila kimoja na sauti yake. Bila hicho mashine hii ni nusu. La tatu, haina njia ya kidijitali ya kuongezea maiki nyingine baadaye kama ilivyo kwa 1820. Nne ni nne. Kikundi chenu kikiwa na ukumbi na watu kumi na zaidi, msinunue hii, jipangeni kwa ya nane.

Kitufe ninachokipenda kuliko vyote kinaitwa MIX. Ukikizungusha upande mmoja unasikia kinachoingia moja kwa moja kutoka kwenye maiki, kabla hakijapita kwenye kompyuta. Ukikizungusha upande wa pili unasikia kilichokwisha kurekodiwa. Katikati unapata vyote. Maana yake mwimbaji anajisikia papo hapo bila kuchelewa. Anayesikia sauti yake ikirudi kwa kuchelewa, hata kidogo sana, ataanza kujivuta nyuma, na ngoma haitaki mtu wa kujivuta.

Hapo ndipo zeze linapoingia, na nataka nikae kidogo, kwa sababu Bagamoyo ina deni kwa chombo hiki. Hukwe Zawose, Mgogo aliyeishi na kufundisha hapa mpaka alipofariki mwaka 2003, alilifikisha zeze na ilimba mbali sana duniani akitokea mji huu huu. Zeze lina sauti ndogo na laini. Ukiliwekea SM57 utalazimika kupandisha geini karibu mpaka mwisho, na hapo mvumo wa umeme unaanza kusikika chini ya nyuzi. Liwekee C-2 moja, kwa umbali wa mkono uliokunjwa, ikiangalia pale ufito unapogusa nyuzi na si kibuyu, feni imezimwa, dirisha limefungwa. Linatoka lote, na punje za ufito unazisikia.

Mzee wetu wa zeze hakutaka hedifoni. "Mwanangu, nikizibwa masikio silisikii zeze langu." Tukakubaliana avae upande mmoja tu, sikio la pili lilisikilize zeze lenyewe. Tumia hedifoni za kufunga, zile zinazofunika sikio lote, kama Sony MDR-7506 au Audio-Technica ATH-M50x, na ule upande usiovaliwa ubanwe kwenye bega ili ngoma zisivuje kuingia kwenye maiki. Na nawasihi vijana wanaomiksi: milio ya Kigogo haikuwekwa kwa kufuata kinanda. Ukiipitisha kwenye programu ya kunyoosha sauti umeifuta. Mzee amekaza nyuzi kwa kufuata ilimba, na ilimba inajua inachokisema.

Kwenye kompyuta sitakaa sana. Ninatumia ThinkPad T480 ya mtumba, yenye SSD, na haijanilalamikia. Njia nne kwa biti 24 na kilohezi 48 zinakula kama megabaiti 35 kwa dakika, yaani gigabaiti 2 na kidogo kwa saa, kwa hiyo hata diski ya kawaida inatosha. Muhimu ni kuwa na diski ya nje ya kunakilia kabla watu hawajatoka uani. Weka draiva ya ASIO (programu ndogo inayounganisha saundi kadi na kompyuta) ya mtengenezaji wa saundi kadi yako, usitegemee ile ya jumla. Zima Wi-Fi wakati wa kurekodi. Bafa, yaani kiasi cha sauti ambacho kompyuta hukikusanya kabla ya kukishughulikia, nakaa nayo 256, ambayo kwa 48 ni milisekunde 5 na ushei kwa safari ya kwenda tu, na kwa kuwa tunajisikia kupitia MIX, haitusumbui. Programu ni Reaper. Ni ndogo, bando lako halitashtuka, inakupa siku 60 za kuijaribu kikamilifu, na leseni ya mtu binafsi ni dola 60. Nimeilipia. Watu walioiandika wametufanyia kazi kubwa na bei yao ni ya kiungwana.

Umeme ni suala la uzito kwa mnunuzi wa huku. Hii 404 haiishi kwa umeme wa USB kama zilivyo nyingi za njia mbili. Ina adapta yake. Umeme ukikatika, leptopu inabaki kwa betri, saundi kadi inazima, na wimbo uliokuwa dakika ya nne umekwenda. Dawa ni UPS. Hata zile ndogo za ruta zinaweza kufaa, mradi usome volti, ampea na upande wa chanya ulioandikwa kwenye adapta ya kifaa na uhakikishe vinalingana kabisa. Kama mnarekodi zaidi mashambani na kwenye sherehe, ambako umeme hauna uhakika au haupo, fikirieni Zoom H6 badala ya hii: ina matundu manne ya XLR, inakwenda kwa betri nne za kawaida za AA, na nyumbani inafanya kazi ya saundi kadi pia. Vitufe vyake ni vidogo na kumiksi unahitaji kompyuta hata hivyo, ila kijijini itakufaa kuliko boksi langu.

Kisha chumvi. Sisi tuko hatua chache kutoka baharini na upepo wa bahari unakula kila chuma. Maiki za kondensa hazipendi unyevu; zinaanza kutatarika. Zangu zinalala kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko wa kubana, pamoja na vile vipakiti vinavyonyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Saundi kadi inafunikwa kanga. Vichwa vya kebo vinafutwa kila baada ya kazi. Tunarekodi baada ya isha, bodaboda zikipungua, na mvua ikianza kugonga bati tunaacha, tunakunywa kahawa.

Ukienda kuinunua, nenda na leptopu yako ikiwa na Reaper na draiva zimeshawekwa nyumbani, maiki moja ya kondensa na kebo unayoiamini. Chomeka kwenye njia ya kwanza, washa volti 48, ongea, rekodi. Hamia ya pili, ya tatu, ya nne. Zungusha kila kitufe cha geini taratibu ukisikiliza kama kinakwaruza, bonyeza kila PAD, chomeka hedifoni na ugeuze MIX kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Hakikisha adapta ni yake, na plagi inaingia ukutani kwako bila kibadilishio kilicholegea. Bei sitaji, inapanda na kushuka na dola. Uliza maduka matatu. Na duka lisilokubali kufungua boksi na kukuachia uijaribu pale pale, toka ukanunue kwingine.